Namna ya kuupima ukumbi wa sinema kabla hujauzoea

Mtoto wa dada yangu amehamia Mwanza kutoka Geita kwa ajili ya chuo. Jumamosi alikuja kunisalimia Nyakato, na baada ya shikamoo na habari za nyumbani akauliza: "Mamdogo, hapa mjini niende wapi kuangalia sinema nisije nikaijutia hela yangu?" Nilitaka kumtajia jina, nikajizuia. Ukumbi uliokuwa mzuri mwaka juzi leo unaweza kuwa umechoka: taa ya projekta imezeeka, spika moja inakoroma, na yule kijana aliyekuwa akiulea ukumbi kama mwanawe amepata kazi Dar. Nikamwambia akae, nimfundishe kuupima ukumbi mwenyewe popote atakapokwenda, uwe wa viti vya sofa na kiyoyozi au kibanda cha mabenchi na feni moja.

Haya nimeyapata kazini. Nimekulia Kirumba, ukitoka soko la samaki la Mwaloni unapandisha kidogo, na mjomba wangu alikuwa na kibanda cha video pale pale. Alikifungua mwaka 1998 na televisheni ya inchi 21, deki ya kanda na mabenchi kumi na mawili aliyoyapigilia misumari kwa mkono wake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, nakaa mlangoni na kopo la kiingilio. Siku hizi nakodisha spika na projekta kwa harusi, semina na mikutano ya injili. Nalipwa ili aliyekaa mstari wa mwisho aone na asikie sawa na aliyekaa mbele, kwa hiyo nikiingia sinema masikio na macho yangu yanapima tu, hata nikiwa nimekwenda kupumzika.

Anza na ratiba

Kabla hujakata tiketi, soma ratiba iliyobandikwa na ujiulize aliyeipanga alikuwa anamfikiria nani. Hili nimelijifunza kwa mjomba kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Wateja wake wengi walikuwa wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa gizani: wavuvi wanawasha taa juu ya maji, zamani zikiwa karabai, dagaa wanafuata mwanga, nyavu inapandishwa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, kwa hiyo mitumbwi inakaa ufukweni siku kadhaa. Mchana wanashona nyavu, usiku hawana pa kwenda. Mjomba alikuwa na kalenda yenye alama za mwezi, ameipigilia nyuma ya mlango, na ratiba yake yote ilitoka humo. Siku za mbalamwezi aliweka picha mbili za Kihindi mfululizo kuanzia saa mbili usiku, ndefu, zenye nyimbo na vilio, maana watu walikuwa na usiku mzima. Siku za giza alionyesha saa tisa alasiri, picha fupi za mapigano, kwa vijana wa sokoni na kina mama waliomaliza kuanika. Kina mama wakilalamika kwamba ngumi zimezidi, wiki ile ile anabadilisha. Sikuwahi kuona mabenchi yale yakiwa matupu.

Kwa hiyo angalia. Filamu ya watoto imewekwa saa ngapi? Ukikuta imewekwa saa tatu usiku siku ya shule, hapo hakuna aliyefikiri. Je, filamu ya Kitanzania ikitoka wanaipa Ijumaa jioni au wanaisukumia Jumatatu mchana? Na muulize wa dirishani filamu inaisha saa ngapi. Anayejua kazi yake atakujibu bila kutazama popote, kwa sababu ameshajibu swali hilo mara nyingi, na jibu hilo utalihitaji kupanga usafiri wa kurudi.

Uliza pia umri. Tanzania tuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza tangu mwaka 1976, na Bodi ya Filamu ndiyo inayokagua filamu na kuzipanga kwa madaraja ya umri. Ukumbi unaoheshimu jambo hilo utakuambia wazi kwamba hii mtoto haingii. Nimewahi kurudishwa mlangoni na mpwa wangu wa miaka tisa, nikanuna pale pale, na kufika stendi nilikuwa nimeshakubali kwamba walifanya sawa.

Lugha

Kama unakwenda na mama yako au bibi, hili liweke mbele ya mengine yote. Filamu ya Kihindi kwenye ukumbi mkubwa mara nyingi huja na maandishi ya Kiingereza chini. Bibi yako atafuata nyuso na nyimbo, ila utani wote utampita, na saa ya pili atakuwa anasinzia.

Vibandani jambo hili lilitatuliwa zamani. Sauti ya Lufufu akitafsiri picha za nje kwa Kiswahili ilikuwa inajulikana Kirumba kama sauti ya mwadhini, na kanda yake ikifika mjomba aliandika kwa chaki kubwa nje: IMETAFSIRIWA. Kanda isipokuwa na tafsiri alipunguza sauti, akasimama pembeni na maiki, akaeleza mwenyewe, Kiswahili na Kisukuma kikipokezana. Alikuwa na kipaji cha kunyamaza. Stelingi akilia kaburini mjomba hakusema neno. Aliacha watu walie naye. Mtafsiri wa hovyo anaongea juu ya kila kitu, hata juu ya ukimya. Ukienda kwenye kibanda cha picha za kutafsiriwa, hicho ndicho kipimo: sikiliza anafanya nini mahali ambapo hakuna la kusema.

Piga kofi

Sasa tuingie ndani. Ingia mapema, robo saa kabla, ukumbi ukiwa bado mtupu. Simama katikati, piga kofi moja kali. Sauti ikikatika pale pale, ukumbi umetengenezwa vizuri. Ikirudi kama kofi la pili na la tatu, kuta zake ni ngumu na tupu, na maneno yote ya usiku ule yatakuja yakiwa yamekanyagana.

Dawa yake ni vitu laini na vizito: zulia, mapazia, viti vya kitambaa, na watu wenyewe. Mwili wa mtu unanyonya sauti sana. Ndiyo maana ukumbi unaovuma ukiwa mtupu unaweza kutulia ukijaa, na ndiyo maana mtu wa mashine anayejua kazi huongeza sauti kidogo kadiri watu wanavyoingia. Trei za mayai, ambazo nimeziona zimepigiliwa ukutani katika vibanda vingi, hupunguza mikwaruzo ya juu tu. Besi inapita kama hazipo. Tena zinashika moto upesi, nami sikai karibu nazo.

Kisha kuna bati. Yeyote aliyekaa Mwanza msimu wa masika anajua mvua ya hapa inavyokuja: upepo kutoka ziwani, giza, halafu ghafla ni kama mtu anamwaga kokoto juu ya paa. Kwenye kibanda cha mjomba mvua ya kwanza ya mwaka 1999 ilinyesha dakika kumi kabla ya mwisho wa picha, na watu sabini wakatazama midomo ikicheza bila kusikia kitu. Aliwarudishia nusu ya kiingilio. Wiki ile ile alinunua magunia ya katani Makoroboi, tukayashona mimi na mama yangu kwenye sakafu ya sebule, tukitumia sindano ya kushonea magunia ambayo kovu lake ninalo kwenye kidole gumba. Akayatandaza chini ya kenchi tabaka mbili, akaacha nafasi kati ya magunia na bati. Mvua iliyofuata tulisikia ngurumo ya mbali, na juu yake maneno yote. Ukumbi wenye paa la bati uangalie juu: kama unaona bati lenyewe, nenda siku ya jua.

Kwenye kumbi kubwa, sikiliza maneno yanatoka wapi. Skrini ya sinema imejaa matundu madogo ambayo ukiwa umekaa huyaoni, na nyuma yake kuna spika ya katikati. Mazungumzo karibu yote hupita hapo. Ule mfumo wanaouita tano nukta moja maana yake ni spika tatu za mbele, mbili za pembeni, na ile ya nukta ni ya mlio mzito wa chini. Spika ya katikati ikiwa dhaifu, utasikia muziki na milipuko vizuri kabisa lakini watu wakiongea unajikuta unainama mbele. Watu wengi hudhani ni masikio yao, au ni Kiingereza kimewashinda. Mara nyingi ni spika.

Sauti ikiwa kubwa mpaka inauma, inuka ukaseme. Ubora wa ukumbi haupimwi kwa kifua kutetemeka. Mjomba alikuwa na kanuni kwenye jambo hili: mtoto akiziba masikio, punguza.

Weusi wa usiku

Kwenye picha, wengi wanatafuta rangi kali. Mimi natafuta weusi. Subiri tukio la usiku, mtu anatembea gizani na taa ya mkononi. Je, unaona nguo yake, mti ulio nyuma yake, ukuta? Au ni kijivu kimoja kama uji wa ulezi? Ukumbi ambao mwanga unavuja, kutoka mlangoni, dirishani au kwenye taa zilizosahauliwa, hauwezi kukupa weusi hata ukiwa na mashine ya mamilioni. Taa ndogo ya njia ya kutokea ndiyo pekee inayotakiwa kubaki, nayo nitaisemea baadaye.

Mwanga wa skrini una kipimo kinachofuatwa na kumbi za kidijitali duniani: kandela 48 kwa mita ya mraba, katikati ya skrini, kwa filamu ya kawaida. Hutakwenda na kifaa cha kupimia, lakini jicho lako linatosha. Angalia ngozi za watu. Sisi weusi tukionyeshwa na taa iliyochoka tunageuka vivuli. Unaona meno na macho tu. Kama nyuso zimezama kwenye tukio la mchana, taa imezeeka au kuna kitu mbele ya lenzi.

Na mara nyingi kweli kuna kitu. Filamu za 3D huonyeshwa kupitia kichujio, na kichujio hicho hula mwanga mwingi. Kikisahauliwa mbele ya lenzi filamu ya kawaida ikianza, ukumbi mzima unaangalia kama umevaa miwani ya jua. Hilo limenikuta mara mbili, katika kumbi mbili tofauti. Katika ukumbi wa kwanza nilitoka, nikamwambia aliyekuwa mlangoni kwamba picha ni nyeusi mno. Akanijibu, "Filamu yenyewe ndivyo ilivyo, dada," akaendelea na simu yake. Katika ukumbi wa pili kijana aliacha alichokuwa anafanya, akaingia na mimi, akasimama nyuma kabisa gizani, akatazama kama nusu dakika. Hakusema kitu. Akatoka, na baada ya muda mfupi skrini ikafunguka, nyuso zikatokea. Watu wachache walipiga makofi bila kujua wanampigia nani. Ukumbi wa pili nimerudi mara nyingi, nikapeleka na wengine.

Kibandani vipimo ni vingine kidogo. Mjomba alinunua projekta iliyotumika mwaka 2006, kwa ajili ya Kombe la Dunia la Ujerumani, na skrini ya kwanza ilikuwa shuka jeupe la mke wake. Upepo wa ziwani ukiingia mlangoni shuka linapepea, na uso wa stelingi unavimba upande mmoja kama ameng'atwa na nyuki. Akapiga plasta ukuta. Akaupaka rangi ya mafuta, nyeupe, inang'aa, akiamini inayong'aa ndiyo itarudisha mwanga zaidi. Ikawa na doa la mwanga katikati kama mwezi, na waliokaa pembeni hawaoni kitu. Akapaka upya kwa rangi ya maji isiyong'aa, doa likaondoka. Jambo la mwisho alilofanya ndilo lililonishangaza zaidi nikiwa binti: alichukua rangi nyeusi akachora fremu pana kuzunguka ukuta wote, na picha ile ile, mashine ile ile, ikaonekana kama imeongezewa mwanga. Ukiingia kibandani ukakuta fremu nyeusi imepigwa vizuri kuzunguka skrini, kaa chini. Mwenye mahali hapo ana macho.

Angalia pia pembe za picha. Zikiwa si mraba, juu pana chini nyembamba, projekta imewekwa vibaya. Na majina ya mwanzo yasome kwenye kona: kama katikati herufi ni kali na konani zimefifia, lenzi haijawekwa sawa.

Shubiri mbili

Pa kukaa. Watu wanakimbilia mstari wa nyuma kabisa, wengine kwa sababu zao, lakini kwa kuangalia filamu nyuma kabisa kuna hasara. Sauti hutembea kama mita 340 kwa sekunde. Kwenye ukumbi wenye urefu wa mita 34, aliyekaa mwisho anapata neno sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya midomo kufumbuka. Na besi hujikusanya kwenye kuta na konani, ikavuruga maneno.

Nina njia yangu ya kupata kiti, na haina gharama. Nyoosha mkono wako mbele, tanua vidole. Kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, ile shubiri, ni kama digrii 20 za jicho. Tafuta mahali ambapo skrini, kutoka ukingo hadi ukingo, inaenea shubiri mbili au pungufu kidogo. Hapo picha inakujaza bila kukugeuza shingo, na huwa ni kama theluthi mbili za ukumbi kutoka mbele, katikati. Shubiri tatu umekaribia mno. Shubiri moja, bora ungebaki nyumbani na televisheni.

Kama filamu ina maandishi chini, jaribu pia kichwa cha mtu wa mbele. Kumbi zenye sakafu inayopanda hazina shida hii. Kwenye sakafu bapa, kaa nyuma ya njia ya kupita.

Milango

Hapa sitanii na sitafupisha. Mjomba alimzika shemeji yake baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996, meli ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza, imebeba watu kupita kiasi. Mamia walikufa. Miaka miwili baadaye akafungua kibanda, na sheria yake ya kwanza ilikuwa hesabu: mabenchi kumi na mawili, watu sita kila benchi, sabini na mbili basi. Wa sabini na tatu anarudi kwao hata akitoa mara mbili. Usiku mmoja wa mbalamwezi wavuvi walimzonga mlangoni, wanapiga kelele kwamba kuna nafasi ya kusimama. Mimi nimeshika kopo, natetemeka. Mjomba akawaambia, kwa sauti ya chini kabisa, "Nafasi ya kusimama ilikuwepo hata kule." Hakuna aliyeuliza kule wapi. Wakatawanyika.

Sheria yake ya pili: milango miwili, na yote inafunguka kwenda nje. Umati ukikimbilia mlango unaofunguka kwenda ndani, miili yenyewe inaufunga. Kwa hiyo ukiingia ukumbi wowote, hata wa kisasa, tafuta mlango wa pili kwa macho kabla hujakaa. Usukume. Ukikuta umefungwa kwa kufuli, au umezibwa na makreti ya soda, toka, dai hela yako, na usirudi mpaka uwe na hakika umefunguliwa. Taa ya njia ya kutokea iwe inawaka. Jenereta iwe nje, mbali na mlango, maana moshi wake unaua watu waliolala usingizi wa kawaida.

Umeme ukikatika usikasirike haraka. Uliza tu wana utaratibu gani. Kwenye kumbi za kidijitali, jenereta likiwaka seva, ile kompyuta inayotoa filamu, huchukua dakika kadhaa kuamka, kwa hiyo kukaa gizani kidogo ni kawaida. Ninachotazama ni kama kuna mtu anaingia na tochi kuwaeleza watu. Ukumbi wenye mtu wa namna hiyo unajali.

Vingine vidogo

Choo kiwe na maji. Bisi ziwe za leo. Ukinusa mafuta ya jana, nunua karanga. Kiti kisiwe na springi inayochoma. Kuhusu simu, ukumbi mzuri una mtu anayepita kimya na kumwinamia mwenye simu sikioni, bila kumwaibisha. Kelele za watu nazitenganisha: filamu ya mapigano kibandani bila watu kumwonya stelingi kwamba adui yuko nyuma yake ni filamu iliyokosa chumvi, na sitaki ibadilike. Ila mtu anayesimulia mwisho kabla haujafika anyamazishwe kokote.

Filamu zetu

Kwa miaka mingi filamu za Kitanzania zilitoka moja kwa moja kwenye kanda na diski, watu wakaziangalia sebuleni. Kwa hiyo kizazi kizima kimekua hakijawahi kuona uso wa mtu wa kwao ukiwa na urefu wa mita nne. Mimi niliuona ukutani kwa mjomba, Aprili 2012, wiki aliyofariki Kanumba. Alikuwa mtoto wa Shinyanga, wa kanda yetu hii, na mjomba alionyesha filamu zake siku nne mfululizo bila kiingilio, milango yote miwili wazi. Kina mama wa Mwaloni waliingia na makanga ya msiba. Ukuta ule ulikuwa umeshaona picha za Hong Kong na Bombay na Marekani. Siku zile watu waliongea na ukuta kwa Kisukuma na ukuta kama unawajibu.

Kwa hiyo ukienda ukumbini uliza dirishani: ya Kitanzania inakuja lini? Uliza hata kama unajua jibu. Wenye kumbi huhesabu maswali kama wanavyohesabu tiketi, na filamu ambayo hakuna aliyeiulizia hawataiomba.

Kurudi nyumbani

Filamu ya Kihindi ya saa mbili usiku inaweza kukutoa saa tano. Wakati huo daladala za kwenda Buhongwa, Igoma au Kisesa zimepungua. Panga bajaji kabla hujaingia, na dereva unayemjua, mpe saa ya kuisha uliyoambiwa dirishani na umwongezee dakika kumi na tano. Kama uko peke yako, chagua onyesho la alasiri. Picha ni ile ile, mara nyingi kiingilio ni nafuu, na ukitoka bado kuna mwanga juu ya mawe.

Na ukitoka, mtafute mtu wa mashine. Mara nyingi amejificha kwenye chumba kidogo juu, hakuna anayemjua. Mwambie spika ya kushoto inakoroma, au mwambie picha ilikuwa safi na leo umeona kila kitu. Mimi hufanya hivyo kila mara, na mmoja wao sasa hunipigia simu akibadilisha taa, niende nikatazame.

Jumanne usiku mtoto wa dada yangu alinitumia ujumbe wa sauti, ananong'ona: "Mamdogo, niko ndani, nimepiga kofi, limerudi mara mbili. Nifanyeje?" Nikamwandikia: kaa katikati, shubiri mbili, subiri watu waingie. Baada ya muda akajibu kwa maandishi kwamba wamejaa, na maneno yanasikika.